Usimnyang'anye Mama Simu

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, mbele ya wazee wa mtaa na vijana wao

Wazee wangu, mama zangu, vijana wetu, hamjambo?

Nashukuru kuitwa katika ukumbi huu. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli, na jioni zake nyingi alizimalizia humu, enzi zile wenyeji walipouita "House of Commons" kwa sababu mambo ya nchi yalijadiliwa hapa mpaka usiku. Akirudi nyumbani, alivua viatu, akaketi, akatusimulia nani alisimama, alisema nini, na nani alimjibu. Habari zilitembea kwa miguu, kutoka ukumbini hadi jikoni kwetu.

Mmeniomba niseme kuhusu vizazi na teknolojia. Sikusomea uhandisi. Mimi ni wakala wa M-Pesa. Huduma ilianza Machi 2007, nami nikafungua kibanda changu kando ya Jogoo Road mwaka wa 2009. Kwa hiyo nitakayoyasema nimeyaona nikiwa nyuma ya kidirisha. Na kubwa nililokuja nalo ni hili: sisi tunaojua simu, tunavyowasaidia wazee wetu, tunawaumiza. Tunawasaidia kwa kuwanyang'anya.

Niwape mfano. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, rika la mama yangu mzazi, na mjukuu wake wa kiume. Anataka kutoa shilingi elfu mbili. Simu amefunga kwenye leso, na leso ameifundika kiunoni, kama mama zetu walivyofunga sarafu. Anafungua fundo pole pole. Kabla hajamaliza, kijana ameshaichukua. "Leta, shosh, unachelewesha watu." Vidole vikakimbia. Halafu akauliza kwa sauti, bila hata kuinua macho: "PIN ni gani?" Na yule mama, mbele ya watu sita waliopanga foleni, akaitaja nambari yake ya siri tarakimu moja moja. Ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa.

Nilitoa pesa. Kijana akazipokea, akazihesabu, akampa nyanya yake. Simu akairudisha ikiwa imezimwa mwanga. Yule mama hakuiguza, hakuona ujumbe umesema nini, wala hakujua amebakiwa na kiasi gani. Alipoondoka aliniambia, "Asante mwanangu, hii dunia sasa ni yenu."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinikaa kifuani. Kijana mwenyewe alikuwa mtoto mzuri. Alimbebea mfuko, akamshika mkono kumvusha Jogoo Road, na mnajua magari ya pale. Anampenda. Lakini kwa dakika moja na nusu alimwonyesha kwamba mali yake, siri yake na jina lake lililo kwenye laini ile ni vitu visivyohitaji mkono wake.

Tumezoea kusema wazee hawawezi mambo haya. Mimi nakataa. Mnakumbuka kadi za salamu? Vijana wa hapa hamkuziona. Ulikuwa unanunua kadi, unaandika majina ya watu wako, jirani, shemeji, mwalimu wa zamani, "popote alipo", unaipeleka Posta, kisha unakaa kando ya redio wiki na wiki ukingoja mtangazaji wa Idhaa ya Taifa aisome. Siku ikisomwa, mtaa mzima unapiga kelele. Watu walijulikana nchi nzima kwa kutuma salamu, watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona sura. Sasa ule ulikuwa nini kama si mtandao wa kijamii? Ulikuwa na wafuasi, ulikuwa na majina ya kujibandika, ulikuwa na watu waliopendana bila kukutana.

Kwa hiyo mama yako akituma picha ya waridi saa kumi na moja alfajiri kwenye kikundi cha familia, na maandishi ya rangi yanayosema "Mungu awabariki siku ya leo", usimcheke na wala usikinyamazishe kikundi. Ni kadi ya salamu ile. Anaita majina. Mama yangu yuko Butere, ana simu ya kuguza aliyorithi kwa mpwa wangu, kioo chake kina ufa pembeni. Kila asubuhi anatuma ua. Siku moja ua halikuja. Binti yangu, ambaye husema maua yale yanamjazia simu, ndiye aliyeona kwanza. Saa tatu akaniuliza, "Mama, shosho ametuma?" Tukampigia jirani, akaenda, akamkuta sakafuni, sukari imeshuka. Alipona. Tangu siku hiyo binti yangu hujibu kila ua.

Ukumbuke pia kwamba wale wazee walijifunza kila kitu kilipofika. Walipanga foleni kwenye vibanda vya simu na sarafu mkononi. Walituma pesa kwa hati za Posta na kwa madereva wa basi. Simu za mkononi zilipofika walijua kuflashi: mlio mmoja maana yake nimefika, miwili nipigie. Lugha nzima, na haikugharimu hata senti. Halafu M-Pesa ikaja, na nani aliyeipokea kwa mikono miwili kama si mama wa kijijini aliyengoja pesa kutoka Nairobi? Walioikuza huduma hii ndio hao hao tunaowaambia leo wanachelewesha foleni.

Basi mbona leo wanashindwa? Hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa vijana, kwa sababu nimekaa na wazee wengi na nimeangalia vidole vyao.

Kwanza, vidole. Kioo cha simu ya kuguza kinasikia umeme mdogo ulio kwenye ngozi, na ngozi kavu yenye sugu haiupitishi vizuri. Mtu aliyeshika jembe miaka hamsini anaguza na simu haisikii. Anadhani amekosea. Anaguza tena, safari hii anakandamiza na kushikilia, na simu inachukua kwamba ameomba jambo lingine kabisa: inafungua orodha asiyoijua, au inataka kufuta programu. Anaogopa, anaiweka chini. Ninyi mnasema shosho ameogopa teknolojia. Mpangusie vidole kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, umwambie aguze na kuachia, kama anayegonga mlango wa mgeni. Utashangaa.

Pili, muda. Kwenye simu ya kabambe, mulika mwizi kama tunavyoiita, unapiga *334# na orodha ya M-Pesa inatokea. Lakini ukikawia kusoma, mtandao unakufungia, unaanza upya. Mzee anavaa miwani, anasoma mstari wa kwanza, wa pili, orodha imepotea. Mara tatu hivyo, atakupa simu na PIN yake. Akili yake ni nzima kabisa. Mashine imepangiwa mwendo wa mtu wa miaka ishirini, na mzee anaadhibiwa kwa kusoma kabla ya kukubali, jambo ambalo sisi wengine tungefaa tulifanye zaidi.

Tatu ni maandishi, na hili halihitaji hotuba: ingieni kwenye mipangilio mkuze herufi. Leo, kabla hamjalala.

Na sasa haya mambo yameingia mpaka kwenye afya. Tangu Oktoba 2024 tulipotoka NHIF, bima ya afya ya zamani, kwenda SHA, iliyochukua nafasi yake, mtu anajiandikisha kwa *147# au kwenye mtandao, na asiye na mshahara huulizwa maswali ili ijulikane atachanga kiasi gani. Nyumba yako imejengwa kwa nini, mwatumia taa gani, choo chenu ni cha aina gani. Nimesikia mjukuu akimsomea babu maswali hayo kibandani kwangu, kwa sauti, watu wakisikia, na mzee anajibu akiangalia ukutani. Lingine kijana hakumuuliza hata kidogo, alijijazia tu. Vijana wangu, mkikaa kumjazia mzee fomu kama ile, mfungeni mlango. Mwulizeni kwa sauti ya chini. Mwacheni ajibu mwenyewe, hata kama jibu mnalijua, kwa maana ni maisha yake yanayoandikwa pale.

Kuna jambo lililonipata mimi, nalo nitalisema ingawa bado linauma.

Ndugu yangu mkubwa alifariki hospitalini saa nne asubuhi. Mimi nilijua saa nne na robo, kupitia kikundi cha WhatsApp cha watu wa nyumbani, kina watu zaidi ya mia mbili. Nilikuwa nahesabu floti, pesa za kazi za kibanda. Simu ikalia, nikaona jina lake, "pumzika kwa amani", na picha yake akiwa kitandani. Mteja ndiye aliyeniokotea noti sakafuni. Mke wa marehemu alikuwa bado kwenye matatu, anapeleka uji.

Mtamdhania kijana. Hapana. Aliyetuma ana zaidi ya miaka sitini, ni mtu mwenye heshima zake, na alidhani anafanya wema kuwa wa kwanza kutoa pole. Nasema hivi kwa sababu tumezoea kuwalaumu vijana kwa kila lililo kwenye mitandao. Kuna adabu ambayo sote tuliiacha mlangoni tulipoingia humo, wazee kwa wadogo.

Zamani mtu akifa, familia iliketi kwanza. Aliyekuwa mbali hakuambiwa "amekufa". Aliambiwa, "Mgonjwa amezidiwa, njoo nyumbani," naye moyoni alielewa, lakini alipewa safari nzima ya kujikaza. Ndipo mtu akatumwa kupeleka tangazo redioni, na jioni nchi ikasikia, majina ya watoto yakitajwa mmoja mmoja. Ulikuwa utaratibu wenye huruma ndani yake. Sisi kwetu sasa tumekubaliana hivi: habari ya msiba haiingii kikundini mpaka mjane au mgane, wazazi na watoto wote wapigiwe simu, wasikie sauti ya mtu. Na picha ya mgonjwa kitandani haitumwi kabisa. Nendeni mkayazungumze na kwenu.

Upande wa pili nao nataka kuusema, maana wazee hawakuja hapa kuhurumiwa. Wana kitu ambacho vijana wanakihitaji sana.

Juni 2024 binti yangu, wakati huo ana miaka ishirini na moja, aliketi jikoni kwangu akajirekodi akieleza Mswada wa Fedha kwa lugha ya kwetu, Kimarama. Vijana wengi walikuwa wakifanya hivyo, mnakumbuka, wakiuchambua mswada ule kwenye TikTok, kwenye X, kila mmoja kwa lugha ya mama yake. Nilijivunia. Nimekuwa mpiga kura miaka mingi na sijawahi kueleza mswada wowote kwa mtu yeyote. Alisema kuhusu ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate, kuhusu magari, akamtumia nyanya yake Butere kama ujumbe wa sauti. Mama yangu hasomi Kiingereza cha serikali, lakini sauti ya mjukuu wake aliisikiliza mara tatu. Jumapili akaenda nayo kanisani, akawachezea akina mama wenzake chini ya mti baada ya ibada.

Jioni ya Jumatano iliyofuata akajibu, naye kwa sauti. Hakusema hongera. Aliuliza: "Hilo la mkate umelisoma kwenye karatasi, au umelisikia?"

Binti yangu akarudi kutafuta. Akakuta ushuru wa mkate ulikuwa umetangazwa kuondolewa siku moja kabla, Juni 18. Akarekodi upya, akasema wazi: lile nililowaambia limebadilika, na haya ndiyo yaliyobaki. Akina mama wa Butere wakawa na habari iliyo sawa kuliko watu wengi wa hapa mjini.

Swali la mama yangu halikutoka hewani. Yeye alikuwa hapa Nairobi mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Wengi wenu mlikuwepo. Hatukuwa na WhatsApp wala TikTok. Tulikuwa na SMS, na ujumbe wa kuchochea ulipita simu hadi simu: kabila fulani wanakuja usiku, sehemu fulani wamechinja. Uliandikwa na nani? Hakuna aliyeuliza. Jirani alimfungia jirani mlango kwa ujumbe usio na mwenyewe. Mama alitunza mtoto wa jirani kitandani kwake siku nne, mtoto wa watu ambao ujumbe ulituambia ni maadui. Tangu hapo haamini neno mpaka ajue limetoka kinywani mwa nani.

Siku ya Juni 25, vijana walipoandamana kuupinga mswada ule, intaneti ilipokuwa nzito na sisi wazazi hatujui watoto wetu wako wapi mjini, ni nyanya yule yule aliyempigia binti yangu kwa laini ya kawaida, akampata, akaniambia yuko hai, amejificha kwenye ngazi za jengo moja na wenzake. Wako wazazi ambao simu zao hazikujibiwa siku hiyo. Siwezi kupita hapa bila kuwataja. Kesho yake Rais alisema hatautia saini mswada ule.

Kwa hiyo kijana mwenye TikTok na mzee mwenye kumbukumbu wakikaa meza moja, kuna kitu kinatengenezeka. Hata kidogo kidogo: mwonyeshe mzee ile mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp. Wengi hawajui maana yake. Maana yake ujumbe huo umeshapita mikono mingi, umesambazwa mara tano au zaidi kabla ya kumfikia, na kwa sababu hiyo tangu 2020 WhatsApp haimruhusu kuutuma zaidi ya sehemu moja kwa wakati mmoja. Ukimweleza mzee hivyo anaelewa upesi kuliko unavyodhani, kwa sababu uvumi anaujua. Alikosa tu kujua kwamba simu humwekea alama.

Kuhusu matapeli nitasema kwa ufupi, ingawa ndilo mnaloniuliza kila siku. Nimeona kwamba wazee huibiwa kwa sauti na vijana huibiwa kwa kioo. Mzee anapigiwa na mtu mwenye adabu nyingi: "Mama shikamoo, nimekutumia pesa kimakosa, ni za dawa za mtoto, tafadhali nirudishie." Ujumbe umeingia kweli, lakini umetoka kwa nambari ya mtu, haukutoka kwa MPESA. Kosa la mzee ni huruma, na mimi siwezi kumwambia aache huruma. Namwambia hivi: angalia salio lako kwanza. Na kama mtu amekosea kweli, mwambie autume ujumbe wake wa M-Pesa kwenda 456, kampuni itashughulikia. Anayejidai anapiga kutoka Safaricom na nambari yake si 0722 000 000, mkatie, hata akikuita mama mara kumi.

Vijana nanyi msijione mmepona. Wanaokuja kwangu na macho mekundu wakitafuta elfu tano kabla ya saa sita ni ninyi. Mmetuma ada ya kazi ambayo haipo. Mmekopa kwenye programu za mikopo, na kuna wakati wakopeshaji walikuwa wakipigia kila jina lililo kwenye simu yako, mpaka padri, kukutangazia deni. Ndiyo sababu sheria ikabadilishwa, na tangu 2022 Benki Kuu inatakiwa kuwapa leseni wakopeshaji wa mitandaoni. Kabla hujakubali programu isome majina ya watu wako, soma ilichoandika. Wazee wangekusaidia hapo pia, kama ungewaambia. Mnawaficha kwa aibu, nao wanawaficha kwa aibu walivyoibiwa, mnaishi nyumba moja kila mtu na hasara yake.

Sasa nije kwenye nilichokuja kufanya. Kwa miaka mitatu, Jumamosi alasiri, nimekuwa nikifunga kidirisha saa nane na kukaa na wazee nje ya kibanda, kwenye benchi. Kanuni ni moja. Kijana anayefundisha anaweka mikono mfukoni. Anaruhusiwa kusema, anaruhusiwa kuonyesha kwa kidevu, lakini simu haigusi. Wiki za kwanza vijana waliteseka! Mkono unatoka wenyewe. Mzee mmoja fundi wa zamani wa reli alichukua dakika ishirini na tano kutuma shilingi hamsini kwa mkewe aliyeketi karibu naye. Ilipoingia, mkewe akamrudishia. Wakatumiana hizo hamsini jioni nzima. Mara ya nne alichukua dakika tatu.

Na siku hiyo hiyo alibadilisha PIN yake. Alitupa mgongo, akainamia simu, akaifunika kwa kofia. Hatujui aliweka nini. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Basi tufanye hapa hapa. Naona viti vimepangwa kama darasa. Tuvigeuze, kila mzee na kijana wake, na asiye na wake apewe. Kijana, ingiza mikono mfukoni. Asiye na mfuko aikalie. Mama wa leso ya kijani hapo mbele, ifungue simu yako. Sisi tuna jioni nzima. Tafuta alama ya nyota, iko chini upande wa kushoto. Hapana, wewe mwache, ameiona. Bonyeza, mama.